Mwiba uleule: Kwa nini mpira mmoja huvuja na mwingine hupasuka

Chukua mwiba mmoja, uchome kwenye puto lililojazwa hewa hadi likakaza. Litapasuka kwa kishindo na kubaki vipande. Sasa uchome mwiba huohuo kwenye gurudumu la baiskeli. Hewa itavuja polepole, na huenda mwenye baiskeli akatembea mwendo mrefu kabla ya kugundua kwamba gurudumu limelala. Vyote viwili ni mpira, vyote vina hewa ndani, na tundu la mwanzo lina ukubwa uleule.

Kwingine hilo lingekuwa swali la darasani. Mjini Kindu, makao makuu ya jimbo la Maniema mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ni swali la riziki.

Kindu umejengwa kando ya mto Kongo, ambao katika sehemu hii bado unaitwa Lualaba. Reli inayotoka kusini inaishia hapa, na kuanzia hapa vyombo vya majini vinateremka hadi Ubundu. Mji hauna daraja la kuvuka mto huo mpana. Bidhaa zinazokwenda upande wa Kalima au Kasongo huvushwa hadi ng'ambo, katika wilaya ya mji inayoitwa Alunguli, kisha zinashika barabara ya udongo ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope.

Malori hayafiki kila mahali, na baiskeli ndiyo inayofika. Wakati wa vita vya mwaka 1998 hadi 2003, treni iliposimama, baiskeli ndizo zilizobeba biashara ya Maniema: chumvi, sabuni na nguo kwenda vijijini, mchele na mafuta ya mawese kurudi mjini. Hata leo, ingawa pikipiki zimeongezeka, wachuuzi wengi bado wanasukuma baiskeli zilizopakiwa kilo 100 na zaidi. Mzigo wa namna hiyo hauendeshwi kwa kupiga pedali. Mtu hufunga fimbo kwenye usukani ili aelekeze gurudumu, akashika mti mwingine nyuma ya kiti, akatembea siku kadhaa.

Mtaji wake wote, na mara nyingi mkopo wa jirani au wa shemeji, umekaa juu ya mipira miwili ya ndani ambayo unene wa ngozi yake ni takriban milimita moja.

Kinachotokea kwenye ncha

Mpira ni kitu cha ajabu kidogo. Ndani yake mna nyuzi ndefu za molekuli zilizojikunja ovyo kama rundo la uzi uliotupwa sakafuni, na hapa na pale nyuzi hizo zimefungwa pamoja. Ukiuvuta, nyuzi hunyooka. Ukiuachia, hujikunja tena. Ndiyo maana mpira mzuri unaweza kuvutwa hadi mara kadhaa ya urefu wake na kurudi ulivyokuwa.

Mwiba unapogusa ngozi hiyo, hautoboi papo hapo. Kwanza ngozi inabonyea na kuufuata mwiba ndani, kama shuka lililotandazwa linavyobonyea chini ya kidole. Sehemu iliyo mbali na ncha inavutwa kidogo tu, lakini iliyo chini ya ncha yenyewe inavutwa kupita kiasi. Tundu linazaliwa pale tu nyuzi zilizo kwenye ncha zinapofika mwisho wa kunyooka na kukatika.

Kwa hiyo ukali wa ncha una maana kubwa. Ncha kali inakusanya mkazo wote mahali padogo, na nguvu ndogo inatosha. Ncha butu inausambaza, na mpira unaweza kubonyea sana kabla ya kukubali. Kokoto la mviringo likiingia kati ya tairi na mpira wa ndani linaweza kukaa humo muda mrefu bila madhara, lakini kipande chembamba cha waya kinamaliza kazi kwa mzunguko mmoja wa gurudumu.

Baada ya kutoboka, mpira unafanya jambo jingine ambalo kila fundi analijua kwa mikono yake: unaubana mwiba. Ile ngozi iliyosukumwa pembeni inataka kurudi mahali pake, na inakuwa kizibo. Mwiba ukibaki ndani, hewa hutoka kidogo kidogo. Ukiuchomoa barabarani kwa hasira, gurudumu linalala hapohapo. Msafiri aliye karibu na kijiji chenye fundi afadhali auache mwiba ulipo na aendelee pole pole hadi afike.

Deni lililokaa ndani ya ngozi

Tundu limepatikana. Je, litabaki tundu au litakuwa mpasuko? Hapa ndipo puto na gurudumu vinapoachana njia.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa akichunguza jinsi kioo kinavyovunjika, alieleza jambo ambalo limebaki msingi wa elimu ya mivunjiko. Ufa hauendelei bure. Kila hatua unayopiga inatengeneza nyuso mbili mpya, na kutengeneza nyuso hizo kunagharimu nishati. Nishati hiyo inatoka kwenye kitu chenyewe, kwa sababu kitu kilichovutwa ni kama upinde uliopindwa: kimeweka akiba ya nguvu. Akiba inayofunguliwa kwa kila hatua ikizidi gharama, ufa unakimbia. Ikipungua, ufa unasimama.

Mwaka 1953 watafiti wawili nchini Uingereza, R. S. Rivlin na A. G. Thomas, walionyesha kwamba hesabu hiyo inafaa pia kwa mpira, ingawa mpira hunyumbuka kuliko kioo. Tangu hapo swali la fundi wa mpira limekuwa lilelile: ngozi hii inadaiwa kiasi gani cha mkazo kabla ya mwiba kufika?

Puto lililokaza limejaa deni. Ngozi yake yote imevutwa, na tundu dogo linapotokea, akiba yote inataka kutoka kwa mara moja. Mwaka 2015 wanafizikia Sébastien Moulinet na Mokhtar Adda-Bedia, wakiwa Paris, walichapisha utafiti wa jinsi tando za mpira zinavyopasuka. Utando uliojazwa hewa kidogo na kuchomwa ulipasuka kwa ufa mmoja na kugawanyika vipande viwili vikubwa. Uliojazwa sana ulitoa nyufa nyingi zilizogawanyika tena na tena, ukabaki utepe utepe. Nyufa hizo zilikimbia kwa mamia ya mita kwa sekunde.

Watoto wanaweza kuthibitisha jambo hilo bila maabara. Puto lina sehemu mbili ambazo hazijavutwa sana: karibu na fundo, na upande wa pili pale ambapo rangi yake inabaki nzito. Sindano nyembamba iliyopakwa mafuta kidogo ikiingizwa taratibu karibu na fundo na kutokea upande wa pili, puto halipasuki. Hewa ni ileile na sindano ni ileile, lakini mahali palipochomwa hapana deni la kutosha kulisukuma tundu.

Tairi ndilo linalobeba

Mpira wa ndani wa baiskeli una hewa yenye shinikizo kubwa kuliko la puto. Ungekuwa peke yake ungevimba hadi ukapasuka. Kinachouokoa ni tairi. Ndani ya tairi mna nyuzi za kitambaa ambazo hazinyumbuki kirahisi, na nyuzi hizo ndizo zinazobeba shinikizo. Mpira wa ndani umeegemea ukuta. Kazi yake ni kuzuia hewa isitoke, wala haivutwi ngozi yake sana. Mwiba ukiitoboa, akiba iliyomo ni ndogo, na tundu linabaki tundu.

Hali inabadilika tairi likichanika. Kwenye barabara za Maniema hilo hutokea mara kwa mara, kwa kuwa tairi linatumika hadi nyuzi zake zinaonekana. Pale palipochanika, mpira wa ndani unakosa ukuta wa kuegemea. Unatokeza nje kama uvimbe, na uvimbe huo ni puto dogo: ngozi yake inavutwa, inakonda, na inajaza deni. Haihitaji mwiba tena. Ukingo wa mpasuko wa tairi au kokoto moja vinatosha, na safari hii sauti si ya kuvuja bali ya mlio wa bunduki. Mpira uliopasuka hivyo unaacha mchaniko mrefu ambao hauzibiki.

Mafundi wanaoziba magurudumu, wanaoitwa kwado sehemu nyingi za Kongo, wana dawa yake. Wanashona tairi lililochanika kwa uzi mgumu, kisha wanaweka ndani kipande cha tairi kuukuu katikati ya mchaniko na mpira wa ndani. Kipande hicho hakizuii hewa hata kidogo. Kinaurudishia mpira ukuta wake.

Methali inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa gurudumu, ukuta ndio unaopaswa kuzibwa kwanza.

Meno ya nyoka

Kuna pancha nyingine ambayo haina mwiba. Mtu anafungua gurudumu, anakuta matundu mawili yaliyo sambamba, kana kwamba mpira umeumwa na nyoka. Chanzo chake ni uhaba wa hewa pamoja na wingi wa mzigo. Gurudumu likigonga jiwe au ukingo wa shimo, tairi linabonyea hadi mpira wa ndani unabanwa kati ya jiwe na kingo mbili za rimu. Unakatwa mara mbili kwa pigo moja.

Hapa mchuuzi yuko kati ya maovu mawili. Akijaza hewa kidogo ili gurudumu liwe laini juu ya mawe, rimu itauma mpira. Akijaza kupita kiasi juani, tairi kuukuu linaweza kushindwa. Njia salama ni kujaza mpaka gurudumu lisibonyee sana baada ya mzigo kupakiwa, na kukagua tena asubuhi ya kila siku ya safari. Kujaza baiskeli tupu kisha kuitwisha kilo 100 bila kuangalia tena ni kuikabidhi rimu kazi ya kuuma.

Kwa wenye pikipiki hesabu ni hiyohiyo, ila adhabu ni kubwa zaidi. Gurudumu linalopoteza hewa ghafla katika mwendo linaweza kumwangusha dereva pamoja na abiria wake. Anayehisi pikipiki inayumba anashauriwa kuachia mafuta taratibu, kushika usukani imara na kutokanyaga breki ya gurudumu lililotoka hewa.

Mafuta ya mawese na mpira

Kati ya bidhaa zinazosafiri kwa baiskeli katika Maniema, mafuta ya mawese yana nafasi yake, na ndiyo adui wa kimya wa mpira wa asili. Mafuta yanapenya kati ya zile nyuzi za molekuli na kuzitenganisha. Mpira unavimba, unalainika, na gharama ya kuupasua inashuka. Kwa lugha ya Griffith, deni ni lilelile lakini uwezo wa kulihimili umepungua. Dumu linalovuja matone juu ya gurudumu la nyuma kwa siku tatu linafanya kazi ya mwiba bila kuonekana.

Jambo hilohilo linahusu afya. Kondomu za mpira wa asili hazitakiwi kupakwa mafuta ya kula, mafuta ya kujipaka wala Vaseline, kwa kuwa zinadhoofika ndani ya dakika chache na zinaweza kupasuka. Vilainishi vya maji ndivyo salama kwake.

Glavu za hospitali nazo zina somo lao. Sindano inaweza kutoboa glavu bila daktari au mkunga kujua, kwa sababu ngozi ya glavu haijavutwa sana: tundu linajifunga, halikimbii, halipigi kelele. Lakini damu inaweza kupita. Ndiyo maana katika upasuaji wenye hatari wengi huvaa glavu mbili mbili. Tundu lisiloonekana haliwi salama kwa sababu halijapasuka.

Kwado anaufahamu ujanja huo wa tundu kujificha. Anautoa mpira wa ndani nje ya tairi, anaujaza hewa mpaka unavimba, kisha anaupitisha ndani ya beseni la maji. Mpira ukiwa umevutwa, tundu linafunguka na mapovu yanapanda. Mpira ukiwa umelegea, tundu lilelile linaweza kunyamaza kimya.

Kiraka kinachodumu

Kuziba pancha kunaonekana kuwa kazi ya gundi. Kwa kweli ni kazi ya kupunguza mkazo. Fundi mzuri anakwaruza mpira kwa msasa hadi uwe mkavu na usio na mng'ao, kwa sababu gundi haishiki juu ya mafuta wala vumbi. Kisha anapaka gundi nyembamba, anasubiri ikauke kidogo, na ndipo anabandika. Anayebandika gundi ikiwa bado maji atarudi kesho.

Kiraka chake ni cha mviringo. Hilo si urembo. Kona ni mahali ambapo mkazo hukusanyika, na kiraka cha pembe nne huanza kubanduka kwenye kona. Kwa sababu hiyohiyo, mpira uliochanika hukatwa tundu dogo la duara kwenye kila ncha ya mchaniko kabla ya kuwekwa kiraka. Ncha kali ndiyo inayoutafuta ufa mpya. Ikigeuzwa duara, mkazo unatawanyika na ufa unakosa pa kuanzia.

Wengine hupika kiraka. Wanabana kipande cha mpira mbichi juu ya tundu, mara nyingi kwa kutumia pistoni kuukuu ya injini iliyotiwa mafuta kidogo na kuwashwa, hadi viwili viungane na kuwa kimoja. Ni kemia ileile aliyoigundua Mmarekani Charles Goodyear mwaka 1839 na kuisajili mwaka 1844: joto na salfa vinafunga nyuzi za mpira zisiteleze. Joto likizidi, viungo vinakuwa vingi mno, mpira unakauka na kuwa mgumu, na kando ya kiraka panazaliwa ufa mwingine.

Karibu na valvu ni pabaya zaidi. Pale mpira laini unakutana na chuma kisichonyumbuka, na kila mzunguko wa gurudumu unavuta mpaka huo. Mafundi wengi wanapoona ufa kwenye shina la valvu wanashauri kununua mpira mpya, na hawafanyi hivyo kwa kutafuta faida.

Mpira na historia ya bonde hili

Gurudumu la hewa na Kongo vina historia ya uchungu. Mwaka 1888 daktari wa mifugo John Boyd Dunlop, Mskoti aliyeishi Belfast, alisajili tairi la hewa kwa baiskeli. Wazo hilo lilikuwa limesajiliwa na Mskoti mwingine, Robert William Thomson, mwaka 1845, lakini lilisahaulika. Safari hii baiskeli zilikuwa zimeenea, na ulimwengu ukataka mpira kwa pupa.

Sehemu ya mpira huo ilitoka katika misitu ya Kongo, kwenye mitambaazi ya porini ya jamii ya Landolphia. Chini ya utawala wa Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, kati ya 1885 na 1908, wanakijiji walilazimishwa kuuvuna kwa mateso, mateka na vifo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, utawala wa kikoloni uliwarudisha tena watu msituni kutafuta mpira. Kindu wenyewe ulikuwa ukiitwa Kindu-Port-Empain, kwa jina la Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji ambaye kampuni yake ya reli ilianzishwa mwaka 1902.

Leo mpira wa ndani unaouzwa madukani unatoka ng'ambo, na mwingi hautokani na mti wala mtambaazi. Ni butili, mpira wa viwandani uliobuniwa nchini Marekani mwaka 1937 na kutengenezwa kutokana na mafuta ya petroli. Butili inashika hewa vizuri zaidi kuliko mpira wa asili na inavumilia jua. Mpira wa asili, kwa upande wake, una kipawa cha pekee: ukivutwa sana, nyuzi zake hujipanga na kuwa ngumu palepale kwenye ncha ya ufa, na ufa unacheleweshwa.

Aina yoyote atakayonunua mchuuzi, maamuzi makubwa yako mikononi mwake kabla ya safari. Mwiba hauchagui, na hakuna anayeweza kuifagia barabara yote ya Kasongo. Lakini tairi lililoshonwa, hewa iliyopimwa baada ya mzigo kupakiwa, dumu lililofungwa vizuri na kiraka cha mviringo vinaamua kama mwiba huo utamgharimu nusu saa kwa kwado, au utamwacha njiani usiku na mzigo wa watu.